Simfoni ya Tisa na Madobi Wake

Dobi mwaminifu huipokea kanzu chafu akairejesha safi. Akiona kifungo kimekatika, humwambia mwenyewe kwamba kifungo kimekatika. Dobi asiye mwaminifu hushona kifungo cha kanzu ya mtu mwingine, akapiga pasi, akanyamaza. Na mwenye nguo, kwa furaha ya weupe, huivaa asijue kuwa sehemu ya vazi lililo mwilini mwake si lake. Makala haya ni shutuma kwa madobi wa aina hii ya pili. Ni shutuma pia kwetu sisi wateja, ambao tumewazoeza vibaya kwa kuwauliza swali moja tu kila siku: je, imetakata?

Nguo ninayoizungumzia ni Simfoni ya Tisa ya Ludwig van Beethoven, na hasa ile iliyopigwa mjini Bayreuth, Ujerumani, tarehe 29 Julai 1951, chini ya uongozi wa Wilhelm Furtwängler. Simfoni ni utungo mrefu wa okestra, na huu una sehemu nne. Ulisikiwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 7 Mei 1824, mtunzi mwenyewe akiwapo jukwaani naye ni kiziwi. Sehemu tatu za mwanzo ni za ala peke yake. Katika ya nne waimbaji wanne na kwaya huingia na shairi la Schiller juu ya furaha na udugu wa wanadamu. Umerekodiwa mara nyingi mno. Arturo Toscanini, aliyeurekodi New York mwaka 1952, anaumaliza kwa dakika zipatazo 65. Furtwängler, mwaka mmoja kabla yake, anachukua 74. Katika sehemu ya tatu, ile ya polepole, Toscanini hutumia dakika 14 na ushei, naye Furtwängler zaidi ya 19. Noti ni zile zile. Mmoja anakwenda kama mtu aliyeitwa mahali. Mwingine kama mtu aliyekwisha kufika na hataki kuondoka.

Kulinganisha kwa namna hii ni kazi ya halali, tena ni starehe kubwa. Ndivyo tunavyowalinganisha waimbaji wawili walioghani utenzi mmoja: huyu kaharakisha wapi, yule kavuta wapi, nani kaufahamu ubeti. Lakini ulinganishaji uliotamalaki siku hizi si huu. Wapenzi wa santuri hawawalinganishi tena Furtwängler na Toscanini. Wanamlinganisha Furtwängler wa sahani ya 1955 na Furtwängler wa sahani iliyogeuzwa kwa nguvu kuwa ya sterio, huyo na Furtwängler wa diski ya kwanza ya kidijiti, na huyo tena na wa kila diski iliyosafishwa upya baada yake. Kila toleo hutangazwa kuwa limeishinda safi yote iliyotangulia. Na hukumu hutolewa kwa maneno ya sokoni: hili lina mng'aro, lile lina joto, hili besi zake zimejaa. Hakuna anayeuliza kitu ambacho, kwa kumbukumbu ya tukio la kweli, kilistahili kuulizwa kwanza: ninachokisikia hapa kilitokea?

Swali hilo halikuzuka kwa ukaidi wangu. Tuitazame historia. Tamasha la Bayreuth lilikuwa linafunguliwa upya mwaka 1951, baada ya kufungwa tangu 1944. Kampuni ya EMI ya Uingereza ilikuwapo na mitambo yake, na msimamizi wake alikuwa Walter Legge. Furtwängler alifariki tarehe 30 Novemba 1954, na mwaka 1955 EMI ikaitoa rekodi hiyo kama tamasha la siku ile. Dunia iliipokea hivyo. Kwa zaidi ya nusu karne watu walifundishwa kwamba hii ndiyo sauti ya saa ile. Hata yapo matoleo ya baadaye yaliyofunguliwa kwa makofi na sauti za nyayo, kiongozi akiingia jukwaani, ili msikilizaji asibaki na shaka kwamba ameketi ukumbini. Heshima yake ilifika mahali pa ngano: inasimuliwa kwamba diski ya kidijiti ilipewa upana wa sentimita 12 na muda wa dakika 74 ili simfoni hii ienee nzima bila kukatwa. Mhandisi Kees Immink, aliyekuwa miongoni mwa waliobuni diski hiyo, ameikanusha hadithi hiyo. Lakini hadithi ya uongo nayo hutoa ushahidi: watu hawazui ngano juu ya kitu wasichokitukuza.

Kisha ikajitokeza kanda nyingine. Redio ya Bavaria, mjini Munich, ilikuwa imehifadhi katika hazina yake rekodi yake ya simfoni hiyo ya Bayreuth. Ilitolewa Japani mwaka 2007 kwa ajili ya wapenzi wa Furtwängler, na mwaka uliofuata ikatolewa Ujerumani na kampuni ya Orfeo. Watu waliketi wakaziweka mbili hizo sambamba, na wakakuta kuwa mahali pengi si upigaji mmoja. Sahani ya 1955 imeungwa kwa vipande vya mazoezi na vya tamasha. Wachunguzi wamebishana juu ya vipimo, yaani kipande gani ni cha lini na kina urefu gani. Kwamba kuna viungo, hilo limekwisha kukubaliwa. Na yapata miaka 70 baada ya siku ile, kampuni ya BIS ya Sweden ikatoa kanda ya Redio ya Sweden, iliyonaswa Stockholm wakati tamasha lilipokuwa likirushwa hewani, pamoja na watangazaji wake, makofi yake na vimya vyake. Waliozipima kwa sikio wameikuta kanda ya Stockholm ikishuhudia upande wa ile ya Munich.

Hapo ndipo nyayo zile zinapotisha. Kuunga muziki ni jambo moja. Kuuweka nyuma ya nyayo na makofi ili uonekane haukuungwa ni jambo jingine. La kwanza ni ufundi. La pili lina jina lake, na jina hilo si ufundi.

Na tusidhani kuwa lilitokea mara moja kwa bahati mbaya. Mwaka 1952, msimamizi yule yule na kiongozi yule yule walirekodi London opera ya Wagner ya Tristan und Isolde. Kirsten Flagstad, mwimbaji mkuu, alikuwa na umri wa miaka 56 au 57, na noti mbili za juu kabisa hakuzimudu. Elisabeth Schwarzkopf alisimama akampigia noti hizo. Hilo lilifanywa kwa makubaliano, kwa siri. Siri ilipofichuka, aliyeumia ni Flagstad, mwanamke aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote wa zama zake, ambaye sasa alizungumzwa kwa noti mbili asizoziimba kuliko kwa maelfu aliyoyaimba. Hivi ndivyo uficho unavyolipa: humpokonya msanii hata kile kilichokuwa chake kwa haki.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa rekodi ni sanaa yenyewe, si picha ya tamasha. Kwamba mshairi naye hufuta na kuandika upya, na hakuna anayemdai rasimu. Hoja hii ni nzito, na mtetezi wake mkubwa alikuwa mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould. Mwaka 1964 aliacha kabisa kupiga mbele ya hadhara, akajifungia studio, akakata na kuunga kanda kwa kadiri alivyotaka. Lakini tazama tofauti. Gould alisema. Aliandika waziwazi, akajivunia mkasi wake, akamwambia msikilizaji kuwa hapa hakuna tamasha. Aliyemsikiliza alijua alichonunua. Sahani ya 1955 ingeuzwa kama rekodi iliyotengenezwa kwa mazoezi na tamasha, nisingekuwa na la kusema. Ningeisikiliza kama nilivyoisikiliza, ningetetemeka palepale nilipotetemeka, hasa katika mbio zile za mwisho ambapo okestra inafyatuka hata ala zinakaribia kupitana. Ile ni kazi kubwa. Uzuri wake siukanushi. Ninachokanusha ni hati iliyobandikwa juu yake.

Sisi tuliokulia katika ushairi tuna kipimo cha jambo hili, wala hatuhitaji kukiazima. Utenzi wa Al-Inkishafi umetufikia kwa miswada ya herufi za Kiarabu isiyokubaliana kwa kila ubeti. William Hichens aliuhariri mwaka 1939. Mulokozi akauhariri tena katika Tenzi Tatu za Kale, mwaka 1999. Mhariri mwenye haya hufanyaje akuta neno lililoliwa na mchwa? Hukisia, kisha humwambia msomaji kuwa amekisia. Akichukua ubeti kutoka mswada mwingine, hueleza ni upi. Msomaji ana haki ya kukataa kisio lake. Laiti mhariri angejaza mapengo kwa beti zake mwenyewe, akazilinganisha mizani na vina hata mshono usionekane, akaandika jaladani kwamba hii ni kauli tupu ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, tungemwita nani? Hatungesema kwamba ametutakasia utenzi. Tungesema ameutia maneno kinywani mtu aliyekufa asiyeweza kukana. Furtwängler alikuwa amekwisha kuzikwa sahani ilipotoka.

Sasa nije kwa madobi wadogo, wale wa usafishaji wa kila mwaka. Hawa hawaungi vipande, wao hufuta. Kanda ya zamani ina mvumo wake, mnong'ono mwembamba usiokoma. Sahani ina mikwaruzo yake. Njia ya kale ilikuwa kukata sauti zote za juu. Mvumo hupungua, ni kweli, lakini huko huko juu ndiko zinakokaa sauti ndogondogo zinazoifanya fidla iwe fidla na isiwe filimbi, na huko ndiko zinakosikika herufi kama "s" na "sh" katika kinywa cha mwimbaji. Njia ya kisasa ni ya kompyuta: mtambo huonjeshwa mvumo mtupu, pale ambapo hakuna anayepiga, kisha huamrishwa kuuondoa kila mahali. Ukitumiwa kwa kiasi, husaidia. Ukizidishwa, hubakisha sauti yenye mlio wa bati, kama ya watu wanaoimba ndani ya mtungi. Kisha, kwa kuwa ukumbi umefutwa pamoja na mvumo wake, dobi hutia mwangwi wa kompyuta kuziba pengo. Msikilizaji huambiwa kuwa amerudishiwa ukumbi. Kwa hakika amepewa ukumbi ambao Furtwängler hakuwahi kuingia.

Mwendo wa kanda nao una fitina zake. Kanda ikizunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia sita tu, muziki hupanda kwa nusu toni, na simfoni ya dakika 74 huisha kwa 70. Mtu akaandika makala nzima juu ya wepesi wa Furtwängler, kumbe anausifu mtambo.

Lakini hasara ninayoililia zaidi iko mwanzoni kabisa. Simfoni ya Tisa haianzi kwa kishindo. Inaanza kwa mnong'ono: fidla na chelo zikitetemeka kwa sauti mbili tupu, baragumu zikishikilia kwa mbali, bila kujulikana kama ni wimbo wa huzuni au wa furaha. Beethoven ametunga kitu kinachotoka katika kutokuwapo. Katika rekodi isiyoguswa, mnong'ono huo huzaliwa ndani ya chumba chenye watu: kuna pumzi, kuna kiti, kuna mtu anayezuia kikohozi. Okestra huchomoza humo kama alfajiri inavyochomoza katika usiku ambao tayari una mawimbi na majogoo. Katika rekodi iliyofuliwa sana, kabla ya noti ya kwanza hakuna kitu, nami nasema hakuna kitu kwa maana ya namba sifuri. Muziki hauzaliwi, unawashwa. Na kwa kuwa mteja hulalamika kuwa hasikii, mnong'ono hupandishwa, na kishindo kinachoufuata hukosa mahali pa kupandia. Kanda ya Stockholm imetolewa kinyume cha haya. Waliotoa walieleza kuwa hawakusafisha wala kufupisha vimya. Ni kanda yenye sauti hafifu, isiyopendeza kwa mara ya kwanza. Lakini nilipoisikiliza, kwa mara ya kwanza niliwaogopea wapigaji, kama tunavyomwogopea mtu anayepita juu ya ukuta mwembamba, kwa sababu nilijua kuwa hakuna aliyewawekea wavu.

Msomaji anaweza kuuliza: yote haya kwa ajili ya starehe? Mtu akisikiliza kipande cha mazoezi akadhani ni tamasha, nani ameumia?

Ningekubali kama tamasha lile lingekuwa starehe. Halikuwa. Bayreuth ni mji alikojengea Wagner ukumbi wake, na alipoweka jiwe la msingi mwaka 1872 aliiongoza Simfoni hii hii ya Tisa. Baadaye ukumbi huo ukawa mahali alipopapenda Hitler, akaja mwaka baada ya mwaka, mgeni wa heshima wa familia. Furtwängler hakukimbia Ujerumani. Tarehe 19 Aprili 1942 aliongoza Simfoni ya Tisa mjini Berlin katika sherehe za mkesha wa siku ya kuzaliwa ya Hitler, na filamu ipo. Mwishoni mwa 1946 alisimama mbele ya baraza lililowachunguza watu kwa uhusiano wao na Unazi, akasafishwa. Mwaka 1951, wajukuu wa Wagner walipoufungua tena ukumbi, walibandika tangazo wakiwaomba wageni wasizungumze siasa mahali pale. Tafakari: udugu wa wanadamu uliimbwa katika nyumba ile, na mtu yule, miaka sita baada ya vita, huku mgeni ameombwa asikumbuke kwa sauti.

Kwa hiyo tamasha lenyewe lilikuwa ufuaji. Huenda baadhi ya walioimba waliamini kila neno. Huenda baadhi walilia kwa toba. Huenda wengine walifurahi tu kwamba doa limepakwa rangi. Hatuwezi kuingia nyoyoni mwao. Tulichonacho ni sauti yao: jinsi kwaya ilivyoshika noti, pale walipoyumba, kimya kilichokuwapo kabla ya makofi. Hiyo ndiyo hati tuliyoachiwa. Na hati hiyo ndiyo iliyokatwa, ikaungwa, ikasuguliwa, ikapakwa mwangwi, kisha tukaulizwa kama besi zimejaa. Shahidi akishachanwa nywele, akavishwa suti na kufundishwa la kusema, hakimu hupendezwa naye. Ushahidi wake ndio uliokwisha.

Wala haya si ya Ujerumani peke yake. Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, yenye chapa ya mbwa anayeisikiliza sauti ya bwana wake. Kampuni hiyo ikaungana na nyingine mwaka 1931 ikawa EMI, na chini ya chapa ile ile ya mbwa ndipo Simfoni ya Tisa ya Bayreuth ilipouzwa Uingereza mwaka 1955. Sahani za Siti na za Bayreuth zimetoka nyumba moja, na madobi wao ni wa ukoo mmoja. Wimbo uliozoea kupepea usiku kucha barazani ulibanwa katika dakika tatu au nne za upande wa sahani. Huo ulikuwa mkasi wa kwanza, na angalau ulionekana. Mkasi wa leo hauonekani. Niliwahi kupewa nakala ya sahani kongwe ya taarabu, "iliyosafishwa" kwa nia njema bila shaka. Mikwaruzo ilikuwa imekwenda zake. Nilisikiliza mara nne nisiweze kupambanua kama mwimbaji anasema "shuka" au "suka". Kwa mpenzi wa sauti, hiyo ni hasara ndogo. Kwa ushairi, ambamo herufi moja hubeba kina na kina hubeba maana, ubeti umekufa, na dobi anasubiri ahsante.

Sisemi sahani zisisafishwe. Nguo chafu ifuliwe. Nadai mambo matatu ambayo hayana gharama. La kwanza, kila toleo liseme limetoka katika kanda au sahani ipi. La pili, kama kuna kiungo, kisemwe, na kama kuna kilichofutwa au kutiwa, nacho kisemwe, kama mhariri wa utenzi asemavyo. La tatu, nalo ndilo kubwa, nakala isiyoguswa ihifadhiwe na ipatikane kwa anayeitaka, pamoja na mvumo, mikwaruzo na vikohozi vyake, ili kizazi kijacho, chenye mitambo bora na pengine masikio bora, kiweze kumhukumu dobi wa leo.

Na kwetu sisi wanunuzi nadai jambo moja tu. Siku utakapopewa Simfoni ya Tisa, au Siti, au sauti ya marehemu babu yako katika kanda ya harusi, ukaambiwa kwamba sasa imetakata kuliko siku zote, usiseme mashaallah upesi. Uliza kwanza: kifungo hiki, kilikuwa changu?